Mtoto Msomi na Sahani ya Mzazi



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu zangu wanafunzi, likizo zinapofika wengi wetu hupanda gari kurudi makwetu. Wengine huenda Rumonge na Nyanza-Lac, wengine Gitega na Muyinga, na wengine safari yao ni kuvuka mji tu hadi Buyenzi. Tunarudi na kitu ambacho wazazi wetu wengi hawakukipata: tunaweza kusoma karatasi ya hospitali. Tunajua presha ya baba ikiandikwa 170 maana yake nini. Tunajua kwa nini daktari alimpigia mama mstari chini ya neno "sukari". Basi tunakaa mezani, na ugomvi unaanza hapo. Mtoto anasogeza kopo la sukari. Mzee anamtazama na kusema: "Mimi ndiye niliyekulisha kwa mkono wangu. Leo wewe unanihesabia vijiko?"

Swali la mzee huyo si dogo, na halijibiwi kwa vipimo vya maabara peke yake. Je, kumtendea wema mzazi ni kumpa anachokipenda au kumpa kinachomfaa? Na mambo hayo mawili yakigongana, nani mwenye kauli ya mwisho?

Pande mbili, na kila upande una hoja

Upande wa kwanza unasema: mwache mzee ale. Katika Sura ya Al-Israa, aya ya 23 na 24, Allah ameunganisha ibada yake na wema kwa wazazi. Akaitaja hasa hali ya mmoja wao au wote wawili kufikia uzee wakiwa kwetu, na akakataza hata ule mguno mdogo wa kuchoshwa nao. Tazama vizuri, uzee umetajwa kwa jina lake. Allah anajua kwamba hapo ndipo subira ya mtoto huisha. Mzee wa miaka 75 amebakiwa na furaha chache. Macho yamefifia, rafiki zake wengi wamezikwa, magoti hayamfikishi tena sokoni. Chai yake tamu ya asubuhi ni katika vichache alivyobakiwa navyo. Umnyang'anye nayo? Na ajali si iko mikononi mwa Mungu?

Upande wa pili unasema: ajali ni ya Mungu, lakini sababu tumeamrishwa kuzishika. Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitupa wenyewe katika maangamizi. Kanuni ya sheria yetu ni kwamba mtu asijidhuru wala asidhuru wengine. Mabedui walipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama watafute tiba, aliwaambia watafute, kwa kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila aliuwekea dawa, isipokuwa mmoja: uzee. Wamepokea hadithi hii Abu Dawud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik (R.A.). Kwa hiyo uzee hauna dawa, lakini kisukari na presha si uzee. Kumwachia mzazi ugonjwa unaoweza kuzuilika na kuuita "umri" ni kumnyima haki yake.

Mimi naona pande zote mbili zina ukweli, na zote mbili zina hila ndani yake. Neno "mwacheni mzee ale anachotaka" mara nyingine ni neno la huruma, na mara nyingine ni la mtu asiyetaka kupika mara mbili. Na neno "daktari amekataza" mara nyingine ni la mapenzi, na mara nyingine ni la kijana aliyepata nafasi ya kumwamrisha yule aliyemwamrisha miaka 20. Kila mmoja wetu achunguze nia yake kabla hajanyoosha mkono kwenye kopo la sukari.

Mwili wa mzee unataka nini

Tunapojadili hukumu, tuujue kwanza mwili wenyewe. Sura ya Ar-Rum, aya ya 54, inatueleza kwamba tumeumbwa katika udhaifu, kisha tukapewa nguvu, kisha baada ya nguvu tukarudishwa kwenye udhaifu na mvi. Elimu ya lishe inaeleza namna udhaifu huo wa pili unavyoingia.

Kwanza, misuli. Kuanzia miaka ya thelathini hivi misuli huanza kupungua polepole, na baada ya 60 kasi huongezeka. Mzee hutembea kidogo, kwa hiyo anahitaji nishati kidogo kuliko kijana, lakini protini haimpungukii haja. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wataalamu wengi wa lishe ya wazee wanapendekeza wao wapate gramu 1 hadi 1.2. Maana yake ni kwamba bibi mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Sasa angalia tunachompa: uji mwepesi asubuhi, bugali na mchuzi mchana, chai na andazi jioni. Tumbo limejaa, misuli ina njaa. Siku akianguka bafuni na kuvunjika nyonga, tunasema ni umri.

Pili, kiu. Mzee anaweza kupungukiwa maji mwilini asisikie kiu kama unavyosikia wewe. Ukingoja aombe maji, utachelewa. Tatu, ulimi na pua. Uwezo wa kuonja na kunusa hupungua, ndiyo maana anaongeza chumvi na sukari kwenye chakula ambacho wewe unakiona kimekolea. Si mkaidi, hasikii ladha. Nne, meno. Wako wazee wanaoacha nyama na matunda si kwa kutopenda bali kwa kushindwa kutafuna, na wanaona haya kusema.

Tano, na hili tunalisahau sana: upweke. Mtu anayekula peke yake hula kidogo. Mzee anayewekewa sahani chumbani na kufungiwa mlango, sahani hurudi nusu, na watu husema "siku hizi hali". Pengine angekula kama kungekuwa na mtu wa kula naye.

Upande wa pili wa mizani kuna vipimo vya Shirika la Afya Duniani: chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa jumla ya vyakula vyote, na sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa mtu anayekula kalori 2,000, na ikiwa chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Kijiko cha chai cha sukari kina karibu gramu 4. Mzee anayeweka vijiko vinne kwa kikombe na kunywa vikombe vinne ameshafika gramu 64 kabla hajagusa andazi. Na vile vipande vya kiungo vya dukani vinavyotiwa mchuzini sehemu yake kubwa ni chumvi, ingawa mpishi hudhani hajaongeza chumvi.

Lakini tuwe waangalifu na hatari ya upande mwingine. Mzee akikatazwa kila kitu hukonda, na kukonda katika uzee ni hatari kubwa. Mgonjwa wa kisukari anayemeza dawa za kushusha sukari au kudungwa insulini, akikosa mlo sukari inaweza kushuka mno: atatoka jasho, atatetemeka, atachanganyikiwa, na anaweza kuzimia. Kijana anayemwogopesha mama yake hadi akaacha kula hajamponya.

Mlo wa nyumbani kwa Ummul-Mundhir

Nimetafuta katika Sunna mfano wa mtu kukatazwa chakula kwa ajili ya afya, na nimeuona ule uliopokewa na Abu Dawud, Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Ummul-Mundhir (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliingia nyumbani kwake pamoja na Ali (R.A.), ambaye alikuwa ndiyo kwanza anapata nafuu kutoka ugonjwani. Kulikuwa na mashada ya tende yametundikwa. Mtume akaanza kula, na Ali naye akaanza kula. Mtume akamwambia Ali aache, kwa kuwa bado ni dhaifu. Ummul-Mundhir akapika mboga za majani pamoja na shayiri, akazileta. Hapo Mtume akamwelekeza Ali ale katika hicho, kwani ndicho kinachomfaa zaidi.

Tukae kidogo na kisa hiki. Katazo lipo, tena la wazi. Haikusemwa "mwache ale, ajali ni ya Mungu". Lakini katazo halikubaki peke yake. Alitajiwa sababu, na hakuachwa anatazama wengine wanavyokula. Mtu aliingia jikoni, akawasha moto, akapika kingine, na mgonjwa akaalikwa kula pale pale, mbele ya watu, bila kudhalilishwa.

Hili ndilo jibu langu kwa swali la mwanzo. Elimu ya afya haimpi mtoto mamlaka juu ya sahani ya mzazi. Inampa kazi. Asiye na cha kuweka mezani asiwe na haraka ya kuondoa kilichopo. Ukitaka kupunguza sukari kwenye chai ya baba, leta tangawizi, mdalasini na iliki, na upunguze kijiko kimoja kwa wiki mbili, si vyote siku moja. Ukitaka kupunguza chumvi, leta ndimu, kitunguu saumu na nyanya. Ukiona protini haitoshi, ndagala wa ziwa letu la Tanganyika wapo. Hukaushwa juani, huliwa mzima na mifupa yake, na kwa hiyo hutoa protini na kalsiamu pamoja. Kama meno hayapo, watwange, uwatie kwenye maharage yaliyopondwa au kwenye lengalenga. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini, na kikombe cha maziwa karibu gramu 8. Parachichi ni laini, halihitaji meno. Mawese mekundu yana asili ya vitamini A, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya kuganda, kwa hiyo yanatosha kidogo. Sombe haihitaji kuogelea.

Mzee akikataa

Na kama umepika, umeeleza, naye akakataa? Hapa tuna mwalimu, Nabii Ibrahim (A.S.). Katika Sura ya Maryam, aya ya 42 hadi 45, anamweleza baba yake kwamba yeye amefikiwa na elimu ambayo baba hakuipata. Ndiyo hali yetu hasa: mtoto ana elimu asiyokuwa nayo mzazi. Na jambo lenyewe lilikuwa kubwa kuliko sukari, lilikuwa shirki. Pamoja na hayo, kila mara alianza kwa kumwita baba yake kwa upole, mara nne. Baba akamjibu kwa vitisho na kumfukuza. Ibrahim akamjibu kwa salamu na ahadi ya kumwombea. Kama upole ulihitajika kwenye shirki, ukali utaruhusiwa vipi kwenye andazi?

Mzee mwenye akili timamu ana haki juu ya mwili wake, na yeye ndiye atakayeulizwa juu yake. Wajibu wetu ni kumwambia ukweli wote, kwa lugha anayoielewa, na kumrudia tena kesho kwa upole. Tusimfiche maana ya vipimo vyake. Pia tusimdanganye. Wako watoto wanaosema "sukari imekwisha" ilhali wameificha chini ya kitanda. Faida ya vijiko viwili haifidii uongo huo, maana mzee akigundua, hataamini tena neno lako hata siku utakayomwambia la kweli kuhusu dawa zake. Akiwa akili imemwondoka kwa maradhi ya kusahau, hapo hali ni nyingine: anayemtunza huamua kwa niaba yake, kwa huruma, kama yeye alivyotuamulia tulipokuwa wachanga.

Jambo hili huwa gumu zaidi Ramadhani. Wazee wetu wengi wenye kisukari hukataa katakata kula mchana, na huona aibu kuambiwa hawafungi. Tuwakumbushe kwa heshima. Ibn Abbas (R.A.) aliifahamu aya ya 184 ya Al-Baqara kuwa inamhusu mzee wa kiume na wa kike wasioweza kufunga: watalisha masikini kwa kila siku. Na Anas bin Malik (R.A.), aliyemtumikia Mtume miaka kumi, alipokuwa mzee sana alikula mchana wa Ramadhani na kulisha masikini mkate na nyama. Aibu iko wapi kwenye njia aliyopita Anas? Mzee awaone daktari na shehe kabla mwezi haujaandama, asingoje azimie siku ya tatu.

Wema wa kwenye simu

Kuna jambo jingine la haki ambalo sisi wanaume tusilipite. Mara nyingi anayetoa amri za lishe ni kaka aliye chuoni, na anayezitekeleza ni dada au shemeji aliye nyumbani. Kaka anapiga simu: "Mama asile chumvi." Kisha anakata. Dada ndiye anayepika vyungu viwili, anayesikia manung'uniko, anayeamka usiku. Huyo wa kwenye simu anasifiwa kwa elimu, na wa jikoni analaumiwa mchuzi ukiwa chapwa.

Tukumbuke hadithi ya watu watatu waliofungiwa pangoni na jiwe, waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (R.A.). Mmoja wao aliomba kwa amali yake kwa wazazi wake wazee. Alikuwa akiwapa maziwa kabla ya wanawe. Siku moja akachelewa malishoni, akawakuta wamelala. Hakutaka kuwaamsha, akasimama na chombo mkononi hadi alfajiri. Alikamua mwenyewe, akashika mwenyewe, akasimama mwenyewe. Basi likizo hii, ndugu yangu, ingia jikoni. Kama uko mbali, tuma pesa ya mayai na ndagala kabla ya kutuma maagizo. Na kama huna pesa, usipige simu ya kukataza tu. Piga wakati wa chakula, uzungumze na mzee wakati anakula, ili asile peke yake.

Na sahani zetu sisi?

Mwisho, tusijidanganye kwamba makala hii ni ya wazee. Uzee unajengwa sasa. Mifupa hufikia ugumu wake wa juu katika miaka ya ishirini, au kufikia thelathini hivi. Baada ya hapo tunatumia akiba. Chupa ya soda ya nusu lita hukaribia gramu 50 za sukari, na wako wenzetu wanaoshindia soda na maandazi mawili, kisha hukaa darasani na chumbani tangu asubuhi hadi usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukitembea kwa haraka dakika 30 kwa siku tano, umezitimiza.

Abdullah bin Amr (R.A.) alikuwa kijana mwenye nguvu, akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Mtume (S.A.W.) akamwambia kwamba mwili wake una haki juu yake, akamtaka apunguze. Abdullah akaomba zaidi, na zaidi, hadi akaishia kwenye funga ya Daudi (A.S.), siku moja kufunga na siku moja kula. Bukhari amepokea kwamba alipozeeka na ikawa vigumu, alikuwa akitamani laiti angeikubali ile ruhusa ya Mtume. Huyo alizidisha katika ibada, na uzee ulimkumbusha. Sisi tunaozidisha katika soda na kukesha kwenye simu, uzee utatukumbusha nini?

Kijana anayemhesabia baba yake vijiko huku mkononi ameshika chupa ya soda hasikilizwi, na ana haki gani ya kusikilizwa? Aanze yeye. Anywe chai isiyo na sukari mbele ya mzee, ale mboga kwenye sahani moja naye, watoke pamoja jioni kutembea polepole hadi msikitini kwa swala ya Magharibi. Huenda mzee akapunguza kijiko kimoja bila kuambiwa.

Allah awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, awape walio hai afya na mwisho mwema, na atujaalie tuwe wa kuwahudumia kabla ya kuwa wa kuwaamrisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.